Nafasi za Mwisho wa Mstari

"Futa," Pak Daryono alisema.

"Sifuti."

"Bu Murtini, nakuomba kwa heshima. Futa."

"Na mimi nakataa kwa heshima hiyo hiyo, Pak."

Bwana huyu, msimamizi wangu, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mikono kiunoni. Kiyoyozi cha chumba cha kompyuta kilikuwa kinatugandisha sote, lakini yeye shati lake la batiki la Ijumaa lilikuwa limelowa kwapani. Ndivyo alivyo. Akikasirika hutoka jasho hata ndani ya jokofu.

"Sanduku la barua limejaa takataka zako," alisema. "Profesa wa historia anasubiri mwaliko kutoka Leiden wiki nzima. Unajua uko wapi? Umekwama Bandung, nyuma ya takataka zako. Jana amenipigia nyumbani, kapokea mke wangu. Ameambiwa mumewe ni mlinzi wa jaa."

"Si takataka. Ni kiraka."

"Kiraka gani hicho cha lundo la barua? Cha suruali ya tembo?"

Mbak Ambar, yaani dada Ambar, mwenzangu wa meza ya pili, aliinamisha kichwa kwenye kibodi ili asionekane anacheka. Mimi sikucheka. Kiraka kile kilikuwa cha mwanangu.

Niseme mambo yalivyokuwa mwaka ule wa 1995. Chuo chetu cha ufundi hapa Malang, Indonesia, kilikuwa na laini moja tu ya simu kwa barua pepe za watu wote. Asubuhi na alasiri modemu ilipiga simu Bandung, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikapeleka barua zetu na kuchukua zilizotujia, basi. Kama kuna faili unaitaka na iko ng'ambo, hukuweza kwenda kuichukua. Uliandika barua, si kwa mtu, kwa kompyuta: nenda mahali fulani, fungua kabati fulani, niletee kitu fulani. Kompyuta ile ilikata faili vipande vipande, ikavigeuza kuwa herufi zisizosomeka, ikakutumia kila kipande ndani ya barua yake. Vilifika bila mpangilio, vingine leo, vingine kesho kutwa. Wewe ulivipanga, ukakata salamu za juu na za chini, ukaviunganisha, kisha programu ndogo ikazigeuza zile herufi kuwa faili tena. Kipande kimoja kikikosekana, huna kitu.

Kiraka nilichoagiza, yaani faili ya kurekebisha kosa, kilikuwa cha programu ya printa ya nukta nundu katika shule ya wasioona, anakosoma binti yangu Gendis. Programu ile ilikuwa na ugonjwa mmoja. Alama ya hasi ikija mara tu baada ya namba ya swali, iliimeza. Haikuacha hata pengo. Kwenye mtihani wa majaribio Gendis na wenzake walisoma maswali ambayo hayakuwa maswali, wakayajibu vizuri, wakakosa. Mwalimu alisahihisha kwa karatasi ya wino, yenye alama zote. Mwanangu alirudi nyumbani na alama za kutia aibu, akakaa jikoni kwa bibi yake, akakataa hata tempe, zile soya za kukaanga anazozipenda.

Bu Kustiyah, mwalimu mkuu, alipogundua kosa alituita wazazi. Mtihani wa taifa ulikuwa unaanza Jumatatu. Alisema kama printa haijapona, hesabu zitasomwa kwa sauti kama zamani: kila mtoto na msomaji wake, aliyeapishwa na ofisi ya elimu. Ofisi ilitaka jibu kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Ama msomaji, ama nukta nundu. Huwezi kuweka vyote viwili akiba.

"Msomaji si ndiyo rahisi?" nilimuuliza Gendis siku ile.

"Hesabu haisikilizwi, Ibu," alisema. "Hesabu inashikwa."

Shule ya sekondari ya juu aliyoitaka ni ya watoto wanaoona. Mkuu wake alituambia wazi kwamba hatoi huruma. Ataangalia alama za hesabu, nyingine hana haja nazo. Nilimpenda mzee yule kwa sababu hakuzunguka. Lakini maana yake ilikuwa moja: Jumatatu ile ndiyo mlango.

Kwa hiyo sikufuta.

"Sikiliza," Pak Daryono alisema, sauti imeshuka. "Alasiri hii modemu ikipiga, pokea vilivyobaki. Baada ya hapo, vimefika havijafika, nasafisha sanduku mwenyewe. Mimi si mtu mbaya, Bu. Lakini si sanduku la familia yako hili."

"Ungekuwa mwanao ungesema hivyo?"

"Mwanangu anaona."

Alisema halafu akajisikia alivyosema. Akachukua kofia yake, akaenda msikitini kwa swala ya Ijumaa kabla ya wakati. Nilimwacha aende. Hasira yangu niliihifadhi, nilijua nitaihitaji.

Alasiri modemu ilipiga, ikalia, ikanyamaza. Barua zikaanza kushuka kwenye skrini. Mwaliko wa Leiden ukafika, nikamshukuru Mungu kwa niaba ya profesa. Kisha kipande, kipande, kipande kingine. Vyote vilivyobaki. Mbak Ambar alipiga makofi.

"Nimekwambia vitafika! Kunywa chai yako, imepoa."

Sikunywa. Nilipanga vipande, nikavikata vichwa na miguu, nikaviunganisha, nikaviamuru vigeuke faili. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikakataa. Mstari mfupi, ilisema. Nikarudia. Mstari mfupi. Nikahesabu vipande, vyote vipo, kimoja baada ya kingine kama wanafunzi kwenye foleni ya gwaride. Mstari mfupi.

Pak Daryono aliingia akirudi kutoka kula. Hasira yangu ya akiba ikapata kazi.

"Umegusa nini?"

"Mimi?"

"Umefuta kitu kwenye sanduku. Sema tu."

"Naapa kwa mama yangu sijagusa hata—"

"Asubuhi umesema utasafisha!"

"Nimesema nitasafisha! Sijasema nimesafisha! Wewe mwanamke unasikia maneno au unasikia kelele?"

"Bu Murtini," Mbak Ambar alisema taratibu. "Hakuna aliyefuta. Mimi hata nimekusaidia. Vyote nimevisafisha vilipokuwa vinaingia."

Nikamgeukia.

"Umevisafisha vipi, Mbak?"

Alieleza, na kadiri alivyoeleza uso wake ulibadilika, maana alianza kuona ninachoona. Pale ofisini barua zote zilizochapwa kwa ajili ya mkuu wa chuo zilipita kwake. Barua za ng'ambo zilikuja na nafasi tupu mwisho wa mistari, na printa yetu ya zamani ilizifuata nafasi zile mpaka ukingoni, ikatema karatasi nyeupe, mkuu akagomba. Mbak Ambar alitengeneza amri ya kuziondoa zote kwa mkupuo mmoja. Mkuu alimsifu mbele ya watu. Tangu hapo hakuna barua iliyopita mikononi mwake na mkia. Vipande vyangu alivipitisha pia, kimoja kimoja, kwa upendo, kisha akafuta asili zake, kwa sababu Pak Daryono alitaka nafasi kwenye sanduku.

"Zilikuwa nafasi tu," alisema. "Hakukuwa na kitu, Bu. Wallahi hakukuwa na kitu pale."

Machozi yalianza kumtoka.

"Utalia baadaye," nilimwambia. Najua ni ukali, lakini ndivyo nilivyo. "Za katikati umezigusa?"

"Za katikati? Hapana. Katikati ni mpangilio wa mwandishi mwenyewe."

"Agiza upya," Pak Daryono alisema. Hata yeye hakuwa na jasho tena.

"Foleni ya kule ni ya siku na siku. Kesho mchana ofisi ya elimu inafunga kitabu."

Tulikuwa tumekaa hivyo, watu wazima watatu tukitazama skrini kama watu wanaotazama gari lililozama mtoni, mlango uliposukumwa. Dereva wa baiskeli ya miguu mitatu aliyemleta Gendis kutoka shule alimfikisha mlangoni kama kila siku, akaaga. Gendis akaingia na fimbo yake, sketi ya shule imekunjamana, akasimama.

"Ibu yupo," alisema. "Anapumua kama modemu. Nani amekufa?"

"Kaa, Nduk," nilimwambia. Ndivyo tunavyomwita mtoto wa kike kwetu tunapotaka awe mpole. "Kiraka kimeharibika."

Nilimwambia yote, sikuficha jina la mtu. Alisikiliza akichezea kamba ya fimbo. Nilitegemea alie, au aseme basi, msomaji. Badala yake akageuza uso upande wa Mbak Ambar, aliyekuwa anavuta kamasi.

"Mbak umetoa nini hasa? Nieleze kama unavyomweleza kipofu."

"Nafasi, mdogo wangu. Mahali patupu mwishoni. Samahani. Nilidhani si kitu."

"Haa! Kumbe!" Gendis alicheka, kicheko cha kweli. "Ningekufundisha nukta nundu mimi, ungefeli siku ya kwanza. Kwetu mahali patupu ni herufi kama nyingine. Kidole kinapita pale kinajua kimepita. Ukipatoa, maneno yanagongana kama watu gizani." Akagonga fimbo sakafuni. "Lakini umetoa mwishoni tu. Mistari ilikuwa na urefu mmoja?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimeiangalia siku nzima bila kuiona. Herufi takataka, safu kwa safu, ukingo wa kulia umenyooka kama ukuta, ila hapa na pale mstari mmoja umerudi nyuma, kama jino lililong'oka.

"Karibu yote, ndiyo. Mingine imepungua."

"Basi si unajua kilichopotea ni nini? Ni patupu. Na unajua palipotea wapi. Mwishoni. Na unajua kiasi gani, mpaka ukutani." Akainua mabega. "Rudisha."

Pak Daryono alivuta kiti, akakikalia kinyumenyume, kifua kwenye mgongo wa kiti. Sijawahi kumwona akikaa hivyo kazini.

"Mtoto ana akili," alisema. "Kwenye vipande hivi pia nafasi ni herufi. Tena kuna zaidi. Tazama herufi ya kwanza ya kila mstari. M, M, M. Hiyo inasema mstari umebeba mzigo kiasi gani. M ni mstari uliojaa. Kila mstari wa M uliopungua tunaujaza mpaka ufikie wenzake. Ule wa mwisho wenye herufi nyingine tunaupimia kwa herufi yake."

"Nitajaza," nilisema, nikashika kibodi.

"Kwa mkono? Utakosea wa tatu. Ondoka hapo." Akanisukuma kwa kiwiko, kwa adabu. "Ondoka, Bu, acha mlinzi wa jaa afanye kazi."

Akaandika programu ndogo. Mbak Ambar alileta chai mpya na ndizi za kukaanga kutoka kwa mama wa langoni, akamwekea Gendis sahani mapajani bila kusema neno, Gendis akamwambia, "Mbak, nafasi kwenye sahani hii nitaiacha mimi mwenyewe." Wakacheka wote wawili. Mimi nilisimama nyuma ya Pak Daryono, mikono kiunoni, mpaka nilipotambua nimesimama kama yeye asubuhi, nikaishusha.

Programu yake ilipita kwenye vipande. Ukingo wa kulia ukanyooka wote. Niliviunganisha tena, nikaviamuru vigeuke faili. Kompyuta ikafikiri. Haikukataa. Barua ya kwanza kabisa kutoka kule ng'ambo ilikuwa imetaja ukubwa wa faili, na ukubwa tulioupata ulikuwa ule ule, bila kupungua chembe.

"Nifute sasa?" Pak Daryono aliuliza.

"Kwanza disketi mbili."

"Mbili?"

"Moja ya shule, moja ya mfuko wangu. Halafu futa mpaka ufurahi."

Asubuhi ya Jumamosi Bu Kustiyah alitupokea ofisini kwake akiwa amevaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Ni mwanamke mwembamba, mkweli, mwenye kufikiri kabla ya kutamka, jambo ambalo mimi linanichosha. Nilikiweka kiraka kwenye kompyuta ya shule. Ilichukua muda mfupi kuliko kuvua viatu. Kisha nikaomba tuchape karatasi ya mtihani wa majaribio, ile ile iliyowaangusha.

Printa ile ilipiga kelele kama mtu anayepigilia misumari kwenye bati. Gendis alivuta ukurasa wa kwanza kabla haujamaliza kutoka. Vidole vyake vilikwenda mbio, vikarudi, vikasimama.

"Hapa," alisema.

Nikamwinamia.

"Hasi ipo," alisema. "Hasi saba, jumlisha tatu." Midomo yake ilisogea. "Hasi nne. Siku ile niliandika kumi." Akasugua pale kwa kidole kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha. "Nilikuwa sahihi, Ibu. Kwa swali ambalo halikuwepo."

Nikaweka kiganja begani kwake.

"Vizuri sana," Bu Kustiyah alisema. "Nimefurahi kweli. Lakini hii ni karatasi ya zamani. Ya Jumatatu iko kwenye bahasha iliyofungwa, na disketi yake nitaifungua asubuhi ile ile. Nikiwaambia ofisi nukta nundu, wasomaji wanapangiwa shule nyingine. Programu ikigoma Jumatatu, nina watoto sita na hewa."

"Haitagoma," nilisema.

"Unajuaje?"

"Ukubwa wa faili—"

"Bu Murtini, mimi sina ukubwa wa faili. Nina watoto sita. Wewe una mmoja."

Alinipata pale. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Nilifungua mdomo kusema alichosema Gendis kuhusu hesabu kushikwa, na kuhusu ile shule, na yule mkuu asiyetoa huruma, na kwamba sikupigana na ofisi nzima ili mtu aogope bahasha. Nilikuwa na hotuba nzima. Nikamwona mwanangu amekunja shingo kidogo, kama anavyofanya ninapoanza kumsemea kwa daktari au kwa muuza viatu.

Nikafunga mdomo. Lilikuwa jambo gumu kuliko kiraka.

"Bu Kustiyah," Gendis alisema, "wenzangu wako bwenini. Chapa kurasa zote. Tugawane. Kila mmoja asome ukurasa wake hapa, mbele yako. Akikuta kimemezwa kitu hata kimoja, andika msomaji, sitasema neno. Wakikuta viko sawa, usiamue wewe wala Ibu. Waulize wenyewe."

Bu Kustiyah alivua miwani ya machoni, akakumbuka ile ya kichwani, akaishusha. Akatoka kwenye varanda akaita.

Walikuja wakishikana mabega, mmoja bado na mswaki mdomoni. Printa ikapigilia misumari yake. Kurasa zikagawanywa. Vidole vikakwaruza karatasi, na yule wa mswaki akanong'ona namba.

"Hasi tisa," alisema. "Mama wee. Kumbe ile ilikuwa hasi."

"Yangu ina hasi mbili," mwingine akadakia. "Siku ile nilipewa sifuri kwa kosa la printa! Naomba mnirudishie heshima yangu."

"Ulikuwa na heshima?"

"Nyamazeni msome," Bu Kustiyah alisema. Yeye mwenyewe alikuwa na karatasi ya wino mkononi, anamfuata kila mmoja, anauliza swali hili, swali lile. Walisoma, wakajibu, akaitikia kwa kichwa. Hakuna kilichomezwa.

Alirudi mezani. Saa ilikuwa inakaribia sita.

"Sikilizeni," aliwaambia. "Nikisema nukta nundu na Jumatatu ikiharibika, hakuna msomaji. Hakuna kabisa. Hamtafanya hesabu mwaka huu. Mmenielewa? Nani anataka msomaji? Inueni mkono, hakuna atakayewacheka."

Nilitazama mikono. Nakiri nilitazama mkono wa Gendis kwanza. Ulikuwa umelala juu ya ukurasa wake, kidole kimoja kimetulia pale pale penye hasi. Ya wengine ilikuwa mifukoni, au kwenye mabega ya wenzao. Yule wa mswaki aliutoa mswaki mdomoni ili isije ikadhaniwa ameinua kitu.

Bu Kustiyah alihesabu mikono isiyoinuka, akavuta simu, akazungusha namba kwa kalamu. Ilipopokelewa hakusalimia.

"Ofisi ya elimu? Kustiyah hapa. Nukta nundu," alisema. "Wote sita. Wasomaji wapeni wengine."

Akaweka mkono wa simu mahali pake.